Tuwasomee watoto hadithi bila kuwadai funzo

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia Aprili 23, Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, kurasa za magazeti hujaa kilio kile kile: watoto wa siku hizi hawasomi, simu zimewateka, wazazi wananunua soda lakini hawanunui vitabu. Tunaoandika barua hii ni walimu wa madarasa ya awali na ya chini pamoja na wakutubi. Tunaomba nafasi tuseme jambo ambalo kilio hicho hakiligusi. Mtoto wetu wa shule ya msingi, mara nyingi, hukutana na hadithi ya maandishi kwa mara ya kwanza ikiwa imefungiwa maswali matano mkiani. La mwisho huwa lile lile: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Kabla hajacheka vya kutosha, kabla hajamwonea huruma aliyeonewa, ameshadaiwa. Akishazoea kwamba kila hadithi ina deni lake, atafanya kama afanyavyo kila mwenye madeni: atapita njia nyingine.

Wazee waliotuachia desturi ya ngano walilijua hili. Msimulizi wa pwani akiita "Hadithi! Hadithi!", wasikilizaji humjibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Wanachokiita ni uongo na utamu. Funzo lilikuwamo, limeyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi, na hakuna mwenyeji anayemwekea mgeni chumvi peke yake kwenye sahani. Watu wazima wengi wa nchi hii bado wanamkumbuka yule sungura wa masomo ya utotoni aliyeruka mpaka akachoka, akaondoka akisema "Sizitaki mbichi hizi." Maswali ya zoezi yaliyofuata hakuna anayeyakumbuka.

Hatusemi zoezi la ufahamu lifutwe. Kusoma, kuandika na kuhesabu kuna vipindi vyake, na mtoto asiyejua kusoma hawezi kupenda kitabu. Tunachoomba ni kutenganisha kipindi cha kujifunza kusoma na muda wa kusomewa. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Kwa siku 5 ni dakika 75 kwa wiki, na hata ukihesabu wiki 30 tu za masomo katika mwaka, mtoto atakuwa amepata zaidi ya saa 37 za fasihi bila daftari mkononi. Muda mzuri ni mara tu baada ya mapumziko, watoto wanapohitaji kutulia. Wengi huchagua dakika za mwisho kabla ya kwenda nyumbani, na ni wazo zuri kwenye karatasi, lakini dakika hizo huibiwa kila siku na usafi, matangazo na kuhesabu michango. Baada ya wiki mbili kipindi kinakuwa kimekufa.

Kusoma kwa sauti ni kazi yenye maandalizi yake. Mwalimu, au mzazi, asome hadithi mara mbili peke yake kabla ya kuifikisha kwa watoto, aweke alama ya penseli pale sauti inapobadilika na pale atakaposimama. Asome taratibu kuliko anavyozungumza. Wengi wetu tunakimbia kwa sababu tunaona aibu kuigiza sauti ya fisi mbele ya watu, na mtoto asiyepewa nafasi ya kuiona picha kichwani mwake huanza kuchokoza jirani. Maneno magumu yasielezwe yote. Chagua yasiyozidi matatu, yale ambayo bila hayo kisa hakieleweki, uyaseme kabla ya kuanza au uyaonyeshe kwa kitendo. Ukisimama kila mstari kueleza msamiati, umerudi kwenye somo.

Darasa lenye watoto 70 lina shida yake: picha ya kitabu cha ukubwa wa daftari haionekani nyuma. Kuwaambia "tulieni, mtaiona baadaye" hakusaidii. Chora picha mbili tu za hadithi hiyo kwenye karatasi ya manila, kubwa, hata kama mchoro si hodari, uzibandike ubaoni. Kama kuna mkeka, keti nao chini kwa nusu duara. Hadithi ndefu ya darasa la 4 au la 5 isomwe kwa sura, na ikatwe katikati ya janga, simba akiwa mlangoni na mtoto yumo ndani. Watalalamika kidogo? Walalamike. Kesho yake watakuwa wameketi kabla ya kengele.

Ukimaliza, funga kitabu unyamaze. Ukimya huo ni mgumu kwa mwalimu aliyefundishwa kwamba kila kipindi hufungwa kwa maswali, lakini ndani yake ndimo watoto huanza kusema wenyewe. Kama hawasemi, anza wewe kwa kauli badala ya swali: "Mimi bado sielewi kwa nini fisi alirudi pale kisimani." Mmoja atakujibu, mwingine atambishia, na hapo watakuwa wanachambua fasihi bila kujua kwamba wanachambua. Wakitaka hadithi ile ile kesho, wape. Mara ya tatu acha mwisho wa sentensi waumalizie wao. Kurudia si kupoteza muda: mara ya kwanza mtoto anafuata kisa, mara ya tatu ndipo anapoanza kusikia lugha.

Kikwazo cha pili kimo ndani ya Kiswahili chenyewe, na ndiyo maana mbinu zilizochukuliwa moja kwa moja kutoka vitabu vya Kiingereza hazitutoshi. Tahajia yetu ni nyepesi: irabu 5, silabi karibu zote zinaishia na irabu, na herufi hutamkwa ilivyoandikwa. Mtoto akishika ba be bi bo bu, akaongeza mb, nd, ny, ng', sh, dh na wenzao, anaweza kutamka neno lolote hata asilolijua. Mzazi akimsikia kutoka jikoni anaamini amekwisha kujua kusoma. Lakini ugumu umejificha kwenye urefu wa neno. Chukua "walivyotutembelea". Ni silabi 8. Anayesoma wa-li-vyo-tu-te-mbe-le-a akifika mwisho ameshasahau mwanzo, na sentensi yenye maneno sita ya namna hiyo humchosha kama kupanda kilima na ndoo ya maji kichwani. Sauti inatoka, maana haiji. Pasipo maana hakuna utamu, na mtoto huyu ndiye tunayemwita mvivu.

Msaidie kuona mafungu. Funika kwa kidole "walivyotu", abaki na "tembelea", neno analolijua tangu nyumbani. Kisha ondoa kidole, alisome lote kwa pumzi moja. Fanya hivyo kwa neno moja au mawili katika ukurasa, si zaidi, la sivyo umegeuza hadithi kuwa sarufi. Njia nyingine ni kusoma kwa mwangwi: mkubwa anasoma sentensi kwa mwendo wa mazungumzo, kidole kikiteleza chini ya mstari bila kudonoa kila neno, na mtoto anairudia. Baada ya kurasa mbili tatu wasome pamoja kwa sauti moja. Mtoto akijiona anaweza peke yake, amguse mkubwa begani naye anyamaze. Akikwama, waendelee wote wawili. Na wanaopima watoto kwa idadi ya maneno kwa dakika wakumbuke kwamba "nitakupelekea" ni neno moja kwetu, wakati Mwingereza anahitaji maneno manne au matano kusema jambo hilo. Kulinganisha kasi ya mtoto wa Kiswahili na ya mtoto wa Kiingereza ni kumwonea.

Makosa ya kusoma nayo yana adabu yake. Mtoto akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi 5. Asipolipata neno, mtajie aendelee, usimrudishe mwanzo wa ukurasa. Akikosea, jiulize kwanza kama maana imeharibika. Akisoma "nyumbani kwake" palipoandikwa "nyumbani kwao", mwache apite. Akisoma "alimpika" palipoandikwa "alimpiga", bado mwache amalize sentensi. Mara nyingi atashtuka mwenyewe, arudi, acheke, na kicheko hicho ni dalili kwamba anasoma kwa akili. Anayekatizwa kila neno hujifunza kutazama uso wa mkubwa badala ya kutazama ukurasa.

Kwa mtoto anayekatakata silabi hatujaona dawa nzuri kama ushairi, na inasikitisha kwamba tunauchelewesha, kisha tunauleta ukiwa umefungwa kwenye istilahi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani 8. Tarbia ina mishororo minne ya mizani 16, iliyogawanyika 8 kwa 8. Mdundo huo humvuta mtoto hadi mwisho wa kipande kabla hajapata nafasi ya kukwama. Mpe beti tatu tu, mpigie makofi nane nane, aimbe kwanza kwa kusikia, ndipo aonyeshwe maandishi ya kile anachokiimba. Atashangaa kwamba anayasoma. Asiulizwe vina vya kati wala vya mwisho. Masikio yake yameshavijua. Vitendawili navyo havigharimu kitu. Kata kadi 20, andika vitendawili 10 kwenye nusu yake na majibu kwenye nusu nyingine, zichanganye, wagawanye watoto makundi mawili. Anayesema "Kitendawili!" lazima awe amesoma kadi yake, na anayeitikia "Tega!" lazima atafute jibu katika zake. "Nyumba yangu haina mlango" akishaipata kwenye kadi ya "yai", amesoma na kuelewa bila mtu kumwita kwenye zoezi.

Tunaomba pia shule na wafadhili wapunguze zawadi za kuhesabu vitabu. Nia ni njema, lakini mtoto anayeahidiwa begi jipya akisoma vitabu 20 huchagua vitabu vyembamba 20 na kuruka katikati. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichapisha jaribio la watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wale walioahidiwa cheti chenye utepe wakichora walikipata, lakini baada ya muda, walipoachwa wachague wenyewe cha kufanya, walichora kwa muda unaokaribia nusu tu ya ule wa wenzao wasioahidiwa kitu. Mchezo ulikuwa umegeuka kibarua. Zawadi inayofaa msomaji ni kitabu kinachofuata, au heshima ya kuchagua hadithi itakayosomwa kesho darasani. Na tafadhali, mkosaji asipelekwe maktaba kama adhabu. Anayefanya hivyo huwafundisha watoto wote wanaotazama kwamba maktaba ni mahali pa wakosaji.

Sasa vitabu vyenyewe. Mzazi akiwa dukani, asome ukurasa wa kwanza kwa sauti ya chini, akiwa amesimama pale pale. Kama hadi mwisho wa ukurasa huo hakuna kilichotokea ila mtoto mtiifu ameamka mapema, amepiga mswaki na kuwaamkia wazazi, akirudishe. Watoto wanataka hatari, uchoyo, ujanja, safari, chakula na kucheka, na wanaweza kuustahimili msiba kuliko tunavyodhani. Asikilize pia Kiswahili chake. Vipo vitabu vilivyotafsiriwa neno kwa neno ambavyo hata mkubwa akivisoma ulimi unajikwaa. Mtoto huona kosa ni lake. Kisha akifungue katikati atazame mshono. Kilichogundishwa kwa gundi hafifu huanza kumwaga kurasa ndani ya muhula mmoja mikononi mwa darasa la 1, wakati kile chembamba chenye pini mbili katikati hudumu. Herufi ziwe kubwa na nyeusi. Kwa wa miaka 4 hadi 6, sentensi moja au mbili kwa ukurasa, kurasa 12 hadi 24. Wa miaka 7 na 8 wanaweza sentensi tatu hadi tano. Kuanzia 9 wanafurahia sura fupi za kurasa tano sita, na vibonzo visidharauliwe, maana mtoto anayefuata vibonzo anafuata kisa, mazungumzo na hisia za wahusika.

Kupima kama kitabu kinamtosha, wengi wanajua kanuni ya vidole vitano: mtoto asome ukurasa wenye maneno kama 50, akunje kidole kwa kila neno linalomshinda, ngumi ikijaa, kitabu bado ni kizito. Kwa Kiswahili kanuni hii inahitaji kurekebishwa kidogo. Akunje kidole kwa neno asilolijua maana, si kwa neno asiloweza kulitamka, kwa kuwa atatamka yote na ngumi haitajaa kamwe. Kitabu kizito hakizuiwi, ila hicho asomewe.

Shule nyingi zina vitabu, lakini vimo kabatini na ufunguo uko kwa mtu mmoja. Hatuwalaumu wakuu wa shule: kitabu kimeandikwa kwenye leja, mkaguzi atakihesabu, na kikipotea mwalimu ndiye atakayeulizwa. Kwa hiyo tiba ianzie kwenye hesabu. Kamati ya shule ikubali mapema, kwa maandishi, kwamba katika kila vitabu 40 vya hadithi, 4 kwa mwaka vinaweza kuchakaa au kupotea, na vihesabiwe kama vilivyotumika. Chaki hatuidai irudi. Mtoto naye asitozwe faini ya kuchelewesha, kwa sababu mama aliyelipa faini mara moja atamkataza mtoto kuazima mara ya pili.

Kwa darasa moja, sanduku la mbao la vitabu 40 linatosha, lenye urefu wa sentimita 60, upana 40 na kina 30. Liinuliwe juu ya matofali kwa ajili ya mchwa, na lisigusane na ukuta, maana ukuta wa masika hupitisha unyevu na kurasa hushikana. Usinunue nakala 40 za kitabu kimoja. Nunua vitabu 20 tofauti, nakala 2 kila kimoja, ili marafiki wawili waweze kusoma kitu kimoja na kubishana njiani. Kila baada ya wiki nne sanduku lihamie darasa la jirani na la jirani lije. Uandikishaji ufanywe na wanafunzi wawili wa darasa la 5 kwenye daftari la safu nne: tarehe, jina la mtoto, kitabu, kimerudi. Kuazima Ijumaa, kurudisha Jumatatu. Jalada lifunikwe kwa karatasi ya kaki, na ukurasa uliong'oka ushonwe kwa sindano na uzi, kwani soltepu hugeuka rangi ya njano, hukauka na kuondoka na maandishi. Wenzetu wa Kenya walianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa juu ya migongo ya ngamia. Kutoka kabatini hadi darasani ni hatua chache sana.

Pasipo na fedha, vitabu vinaweza kutengenezwa. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili kwenye intaneti, zimepangwa kwa ngazi, kuanzia za maneno machache hadi za kusomewa, na leseni zake zinaruhusu kuchapisha na kugawa. Anayechapa pande mbili za karatasi achague kugeuza kwa upande mfupi, vinginevyo kila ukurasa wa pili utatoka kichwa chini.

Lakini kitabu ambacho watoto hukishika mpaka kikachanika ni kile kilichotoka kwa bibi yao. Bibi asiyejua kusoma ana ngano. Mtoto wa darasa la 5 au la 6 aiandike kama bibi alivyoisema, pamoja na wimbo wake wa katikati na maneno yake ya nyumbani, bila kuisafisha iwe insha. Chukua karatasi 4 za A4, uzikunje kwa pamoja katikati: umepata kurasa 16. Andika namba za kurasa kwenye pembe zikiwa bado zimekunjwa, ndipo uzitenganishe na kuandika. Anayeanza kuandika kabla ya kukunja hugundua baadaye kwamba karatasi ya nje inabeba kurasa za 1, 2, 15 na 16, na kisa chake kimevurugika. Weka jalada la manila. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita 3 kutoka kila ncha. Uzi upakwe nta ya mshumaa. Sindano iingie tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, irudi ndani kwa tundu la juu, ishuke ndani kwa ndani hadi tundu la chini itoke nje, kisha irudi ndani kwa tundu la kati. Funga ncha mbili za uzi juu ya ule uzi mrefu uliopita ndani. Fundo likikaa nje, watoto watalifungua kwa vidole.

Ngano hiyo ikiwa imesimuliwa kwa Kisambaa, Kisukuma au Kigogo, isikataliwe. Watoto wengi vijijini wanaanza shule Kiswahili kikiwa lugha yao ya pili, na kuwaruhusu wajadili hadithi kwa lugha ya nyumbani kunawapa maana haraka. Mjini kosa huwa la upande mwingine. Mzazi ananunua vitabu vya hadithi vya Kiingereza pekee ili mtoto "apate lugha", na mtoto analielewa hilo vizuri sana: kitabu ni dawa anayonyweshwa. Awe na vya Kiingereza, lakini mkononi mwake kiwepo pia kitabu ambacho hadithi inamfikia moja kwa moja, bila kupitia kamusi.

Kwa upande wa waandishi tunaona matumaini. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, sasa inapokea pia hadithi za watoto. Tunashauri waamuzi, kabla ya kutoa alama, waisome kila hadithi iliyobaki katika hatua ya mwisho mbele ya watoto 20 na kutazama ni wapi wanaanza kuangalia dirishani.

Nasi tunalo ombi kwa gazeti lako, Mhariri, na si la gharama kubwa. Nakala zako zinafika mahali ambapo duka la vitabu halipo, na zikishasomwa zinaishia kufungia maandazi. Kila Jumamosi tengeni ukurasa mmoja uwe kitabu cha kukunja. Ukurasa wa gazeti dogo ukilazwa kwa upana una takriban sentimita 40 kwa 29, nao ukigawanywa safu mbili za vyumba vinne unatoa kurasa 8 za sentimita 10 kwa 14 na nusu. Safu ya chini, kutoka kushoto, iwe na ukurasa wa 8, 1, 2 na 3. Safu ya juu ichapwe kichwa chini, kutoka kushoto iwe na 7, 6, 5 na 4. Ukurasa wa 1 ni jalada, wa 8 ni wa mtoto kuandika jina lake na kuchora. Zinabaki kurasa 6 za hadithi. Kwa herufi za ukubwa wa 14, kila moja inachukua maneno 40 hadi 45 na kuacha nusu ya nafasi kwa picha, kwa hiyo hadithi nzima haizidi maneno 270.

Maelezo ya kukunja yanaweza kukaa pembeni kwa mistari michache: kunja kwa urefu, fungua, kunja kwa upana mara mbili, fungua, kunja tena kwa upana mara moja, kisha kata kwa mkasi kutoka kwenye mkunjo, juu ya mstari wa kati, hadi chumba kimoja kiishe. Fungua, kunja kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane mpaka tundu lifunguke kama msalaba, na kurasa zijipange. Upande wa nyuma wa ukurasa huo wekeni matangazo ambayo hakuna msomaji atakayesikitika kuyakata. Msiweke hapo ratiba ya ligi, maana baba hatatoa gazeti lake. Na chini ya hadithi msiweke swali lolote.

Hadithi za wiki 12 za mwanzo tuko tayari kuzikusanya na kuzijaribu madarasani kabla hazijachapwa, bila malipo, mkitupa mwezi mmoja.

Walimu na wakutubi wa shule za msingi,
Tanga.